Mpira wa Kidole cha Zéphirin

Kindu, tarehe 4 Machi 2023

Mjomba Nestor,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka. Si ya bunduki, ingawa za bunduki tulizisikia za kutosha mwaka ule wa vita. Ni sauti ya uzi wa nailoni ukipita juu ya mpira uliovikwa kidole cha kaka yangu Zéphirin, anapotupa ndoana kutoka ukingoni: frrrr, kama mtu anayepasua kitambaa bila haraka, kisha kimya kidogo, kisha ile nati ya reli aliyoifunga mwishoni inaanguka mtoni Lualaba, mbali. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa naketi nyuma yake juu ya mawe, kaye yangu, daftari la shule, magotini, na bila kuinua macho nilijua kama ametupa vizuri.

Mjomba, najua hujapata barua kutoka nyumba hii tangu vita. Mimi ni Naomie, mtoto wa pili wa dada yako Clémentine. Sasa ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa mjini. Sijaolewa, usiulize. Ninaishi na Mama. Macho yake yameingia ukungu, na miguu inavimba. Asubuhi namwekea kiti mlangoni, naye anawatambua wapita njia kwa kandambili zao.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo dogo. Juma lililopita jirani yetu Djo, ambaye anavua ukingoni upande wa kituo cha treni, alikuja akishika kidole cha shahada. Uzi ulikuwa umemkata akitupa, pale kwenye kiungo, damu inatiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama, nipatie hata kitambaa."

"Baba muzima unakatwa na uzi kama mutoto?" Mama akamwambia. Alikuwa anacheka.

"Uzi wa siku hizi njo wembe, Mama. Usicheke."

"Nestor angekukatia mupira wa kidole."

Kisha akashika ukingo wa kiti, kama mtu aliyejikwaa. Djo akauliza, "Nestor njo nani?" Nikangoja. Kwa miaka ishirini na moja sijamsikia Mama akilitaja jina lako. Akasema, "Ndugu yangu."

Basi, Mjomba, nilifikiri hilo ni jambo ambalo unapaswa kulijua. Simu huko kwenu Kama inashika tu juu ya kilima, wamesema, na mambo mengine mtu hawezi kuyapigia kelele kilimani mbele ya watu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Uje Kindu. Mama anazeeka, nawe pia.

Barua yako ya mwaka 2002 ninayo hadi leo. Nimeinakili hapa chini, neno kwa neno, upate kuona kwamba haikupotea.

Mpwa wako,
Naomie

*

Kama, tarehe 16 Juni 2002

Dada Clémentine, na watoto Zéphirin na Naomie,

Mimi niko muzima. Huku tunachimba, dhahabu inaonekana kidogo, njaa inaonekana sana. Njia ya kurudi Kindu imefungwa: wale wapiganaji wa porini wako njiani, na askari wenu wako mjini. Mama Francine, yule wa mawese, anasema wanawake wanaachiwa kuvuka mara mojamoja, basi ninampa barua hii aifiche chini ya chupa zake.

Nimesikia kwamba askari wamechukua mitumbwi yote, na wangu pia. Zéphirin, usililie mtumbwi. Samaki hawajui kwamba kuna vita. Simama ukingoni, tupa kwa mkono.

Lakini sikiliza vizuri, juu kutupa kwa mkono njo kunakata watu. Uzi wote uzungushe kwenye kopo. Unapotupa, uzi unakimbia juu ya kidole cha shahada, na kidole kilicholowa maji tangu asubuhi kinakuwa laini kama bukari ya muhogo. Mara ya kwanza husikii kitu. Mara ya kumi unaona damu. Kitambaa hakisaidii: kinalowa, kinateleza, kinajikunja, na uzi unaingia pembeni yake. Ndiyo maana nimekata mpira wa ndani wa baiskeli, vipande viwili, kimoja chako na kimoja cha rafiki yako Djuma. Uvae hadi uvuke kiungo cha pili, ufunge chini kwa uzi wa kushonea. Usiupunguze hata kidogo. Ukiwa mfupi unajiviringisha na kutoka unapotupa.

Mpira ni wa kutupia. Ukishatupa, uvue, ushike uzi kwa kidole kitupu, hapo njo utasikia samaki anaonja. Akimeza, usimvute kwa kidole: zungusha kwenye kopo.

Naomie, wewe njo macho ya mama yako kwenye karatasi. Umsomee yote, usiruke.

Ndugu yenu,
Nestor

*

Kama, tarehe 29 Machi 2023

Naomie,

Barua yako imenifikia. Mwandiko wako umekuwa mzuri, kama wa kitabu. Niliisoma mara moja, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena yale maneno yangu. Nimeelewa kwa nini umeyanakili. Hukutaka kunitukana, ukaona bora nijisomee mwenyewe. Ni adabu, nakushukuru.

"Ushike uzi kwa kidole kitupu." Mtu mzima, ameketi mbali, anamwandikia kijana wa miaka kumi na saba kitu kama hicho. Nilikuwa najidai. Nilitaka aone kwamba mjomba wake anajua samaki kuliko wengine. Kumbe kijana anachukua neno moja, anaacha yaliyobaki.

Wewe mwenyewe njo uliniandikia ilivyokuwa. Barua ile nimekaa nayo ndani ya plastiki, imevuka mashimo matatu na moto mmoja. Nakurudishia. Nataka uisome mbele ya dada. Sijui kama wakati ule ulimsomea kabla ya kuituma, au kama Mama Francine alikuwa na haraka. Asikie kwamba nilijua tangu mwanzo. Sikukimbia kwa kutojua. Nilikaa huku kwa sababu nilijua.

Tangu siku ile sijashika ndoana. Vijana wa hapa wanashangaa, mtu wa Lualaba kununua samaki wa chumvi.

Umesema nije. Kifua changu kimejaa vumbi la mashimo, na sipendi kufia hapa, mahali ambapo watu wanajua jina langu tu. Lakini siji kwa mwito wako, mpwa wangu. Ukishamsomea barua yako, dada akisema "aje," nitakuja hata kwa miguu. Akinyamaza, pia nitaelewa.

Nestor

*

Kindu, tarehe 22 Septemba 2002

Jambo Mjomba Nestor,

Samahani karatasi ni chafu. Hapa hakuna karatasi mpya. Hii ni ya kaye yangu ya darasa la tatu, nimeifuta.

Mama anasema niandike kwamba Zéphirin amechukuliwa. Ilikuwa siku ya Alhamisi, kwenye bariere, pale askari wanapozuia watu njia ya uwanja wa ndege. Alikuwa na Djuma. Djuma wamemwachia. Zéphirin hawakumwachia kwa sababu kidole chake kilikuwa na mistari mitatu ya uzi. Wamesema ni chanjo ya wale wa porini, ile wanayochanjwa ili risasi isiwaingie. Mama amekwenda kila siku. Leo wamemwambia asirudi tena, hayuko.

Mama anauliza mpira wa kidole ulikuwa na kasoro gani.

Mjomba, mpira ulikuwa mzuri. Zéphirin aliutupa majini. Alisema Mjomba Nestor amesema tushike uzi kwa kidole kitupu, mpira ni wa watoto.

Tunaomba Mungu.

Naomie

*

Kindu, tarehe 18 Aprili 2023

Mjomba,

Nimepokea barua yako, na ile ya zamani. Sikujua kama uliitunza.

Mama hajawa tayari. Tafadhali uvumilie kidogo. Siku hizi mvua haiishi na miguu inamsumbua, halafu tuko kwenye mitihani, nimezungukwa na karatasi za wanafunzi. Nitakuandikia nikiona wakati umefaa.

Wala usidhani nilinakili barua yako kwa nia mbaya. Kulikuwa na kitu nilitaka kukisema mwishoni mwake, kisha nikafunga bahasha.

Naomie

*

Kama, tarehe 10 Mei 2023

Naomie,

Hajawa tayari. Basi, nimesikia. Miaka ishirini na moja ni mingi. Mtu asiyekuwa tayari ndani yake hatakuwa tayari kwa sababu mvua imekatika.

Usimsumbue tena kwa habari zangu. Ametaja jina langu mbele ya mlango wake, akaniita ndugu yake. Nitaridhika na hilo.

Cédric, mkubwa wa timu yetu, amepata mahali pengine, ndani zaidi, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Wanahitaji mpishi ambaye hawezi kuiba. Tutaondoka tarehe mosi Juni. Huko barua hazifiki, na ni vizuri hivyo.

Kaa na mama yako. Wewe njo mutoto aliyebaki.

Nestor

*

Pangi, tarehe 25 Mei 2023

Mjomba Nestor,

Barua hii inaletwa na Aboubakar wa pikipiki. Nimemwambia asikupe njiani wala mbele ya watu. Uketi kwanza.

Mama hakukukataa. Sikuwa nimemsomea. Nilipokuandikia "Mama hajawa tayari," Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni akibishana na Djo, hajui kwamba kuna barua. Asiyekuwa tayari nilikuwa mimi.

Na Zéphirin hakuutupa mpira. Mimi ndiye niliuchukua.

Nitakueleza kwa utaratibu. Nisipofuata utaratibu nitaanza tena kuzungukazunguka.

Mwaka ule, masomo yalipoanza, mwalimu wetu Adèle alisema asiye na kaye safi abaki nyumbani. Mjini hakukuwa na kaye hata moja. Treni haikuwa inakuja, njia zimefungwa, ndege zinaleta vya askari. Nilikuwa na kaye ya mwaka uliopita, imeandikwa kwa penseli kutoka jalada hadi jalada. Nikasema nitaifuta yote. Gome yangu ya kufutia iliisha kwenye kurasa nne. Nikajaribu kandambili, ikapasua karatasi. Kisha nikaona mpira wa Zéphirin, ameuchomeka kwenye mti wa paa ukauke, kama ulivyomfundisha. Nikakata kipande kidogo kama kucha. Ulifuta vibaya, uliacha wingu jeusi, lakini maandishi yalitoka na karatasi ikabaki nzima. Siku ya pili nikakata tena. Nilikuwa najiambia kwamba ni cha mwisho. Hujawahi kuona mtoto anayependa shule jinsi nilivyoipenda, Mjomba. Ilikuwa kama ugonjwa. Nilifuta mito yote ya darasa la tatu ili niandike milima ya darasa la nne.

Ulituambia usipunguzwe hata kidogo. Niliyesoma maneno hayo kwa sauti ni mimi.

Asubuhi moja Zéphirin aliuvaa, ukaishia kwenye kiungo cha kwanza. Alipotupa ukamtoka, ukaruka pamoja na ndoana, ukazama. Akaniuliza, "Naomie, nani alikata mpira wangu?" Nikasema sijui. Akacheka: "Basi ni panya. Njaa imewafikia hata panya wa Kindu, sasa wanakula baiskeli." Akafunga kitambaa. Kitambaa kililowa, kikateleza, sawa na ulivyoandika. Katika siku nne alipata mikato mitatu juu ya kidole kimoja, imelala sambamba, kwa sababu yeye alikuwa anatupa kwa namna ileile kila mara, hakuwa mtu wa kubahatisha. Mama alichoma majani, akachanganya majivu na mawese, akamsugulia ndani ya vidonda. Vikawa mistari mitatu myeusi.

Unajua askari walikuwa wanatafuta nini kwenye miili ya vijana mwaka ule.

Djuma alitusimulia siku ileile, anahema, ameshika ukuta. Askari alikamata kidole cha Zéphirin akakigeuza kwenye jua. "Chanjo hii ulichanjwa wapi?" "Ni uzi, shefu. Tunavua." "Uzi unachora mistari mitatu sawasawa, na dawa ndani?" Hapo Djuma akatoa mpira wake mfukoni: "Tazama, shefu, tunavaa hivi." Askari akautazama, akaangalia vidole vya Djuma, safi. Akamgeukia Zéphirin. "Huyu ana wake. Wewe wako uko wapi?"

Zéphirin akasema, "Panya walikula."

Wakacheka wote, Djuma alisema. Kisha wakamwambia Djuma aende.

Nilikuwa nimesimama karibu ya Mama wakati Djuma anasimulia. Kaye ilikuwa kwapani mwangu.

Siku kumi baadaye Mama akaniambia nikuandikie, nikuulize kasoro ya mpira. Akaniambia pia nimsomee tena barua yako ya Juni, labda kuna kitu hatukukielewa. Nikamsomea. Nilipofika maneno yako ya mwisho kwa Zéphirin, niliruka. Sikusoma "mpira ni wa kutupia", sikusoma "ukishatupa". Nilisoma: "Uvue mpira, ushike uzi kwa kidole kitupu." Mama akasema, "Nestor njo aliandika vile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Hakuomba kusikia barua yako tena maisha yake yote. Kisha nikakuandikia wewe ule uongo mwingine, juu ya karatasi niliyoifuta kwa mpira wenyewe. Doa jeusi lililo kwenye pembe, ambalo umelitunza ndani ya plastiki kwa miaka ishirini na moja, ni lenyewe.

Nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli kwa mwaka 2002. Si kweli kwa mwaka 2010, nilipopata diploma, wala 2016, nilipopata lisansi ya chuo kikuu na Mama akalia kwamba kaka yangu hayuko kuona. Si kweli hata mwezi wa tatu mwaka huu, nilipokunakilia barua yako nikitaka kuandika chini yake "mimi ndiye", nikaandika jina langu tu. Wewe ukasoma lawama. Ulikuwa na haki. Mtu anayenakili maneno ya mwingine bila kusema lake, anasema nini?

Sasa sikia jambo ambalo mvuvi angelijua, lakini wewe hukujiruhusu kulifikiri. Mimi niliketi nyuma yake kila siku. Uzi haukumkata akiwa anasikiliza samaki. Ulimkata akitupa. Shauri lako halikumtia hata mkwaruzo. Ulisema mpira ni wa kutupia, naye akafuata, hadi pale mpira ulipokosekana.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilifunga mlango nikamsomea Mama zote. Yako ya Juni, nzima. Yangu ya Septemba. Zako mbili za mwaka huu. Kisha nikamwambia haya niliyokuandikia, kwa mdomo, bila karatasi. 

Akasema, "Soma tena pale Nestor anasema mupira ni wa kutupia." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara tatu.

Kisha akauliza, "Na dawa? Ile dawa nyeusi njo nani alipaka?"

"Njo wewe, Mama."

"Njo mimi." Akajipangusa mdomo kwa kitenge. "Kila siku nasema njo Nestor, njo Nestor. Kama si Nestor, inabaki mukono wangu. Ulifikiri sijui? Askari alisema 'dawa ndani'. Djuma alisema vile hapahapa, na mimi nilikuwa na majivu bado kwenye kucha."

Nikapiga magoti. Nilitaka kumshika miguu.

"Hapana," akasema. "Wewe toka kwanza mbele yangu."

Nikatoka. Nilikaa jikoni hadi dada mdogo wa Djo, Jacqueline, alipokuja kumsaidia kuoga. Siku mbili Mama hakunisemesha. Nilimwekea chakula, alikula. Nilimwekea kiti, aliketi. Anajua hatua zangu kuliko za watu wote, lakini nikipita anageuza uso kana kwamba amepita mgeni. Sijui kama atanisamehe. Sikuandika ili uniombee.

Siku ya tatu asubuhi nilimsikia akimwambia Jacqueline atoe godoro la chumba cha Zéphirin juani. "Na kitanda ukipige, kuna kunguni. Nestor hawezi kulala na kunguni, tangu utoto analalamika kama mwanamke wa Ulaya." Jacqueline akauliza, "Anakuja lini, Mama?" Akajibu, "Uliza yule mwenye kuandika."

Sikuandika. Nilikwenda shuleni nikamwambia mkuu wa shule kwamba naondoka kwa juma moja. Akauliza mitihani nitamwachia nani. Nikamwambia nimeshampa Ferdinand, mwalimu wa historia, amekubali akinung'unika. Niliporudi kuchukua mfuko, Mama alikuwa mlangoni. Hakugeuka. Aliongea akitazama barabara.

"Ukimuona, umwambie asilete zawadi. Alete mwili wake."

Ndiyo maneno yake, sijaongeza, sijaruka.

Ningeweza kukuandikia hayo tu, na ungekuja. Lakini ungekuja ukifikiri dada yako amekusamehe kosa. Huna kosa la kusamehewa. Nilitaka ulijue hilo kabla hujavaa viatu. Na nilitaka pia uwe na nafasi ya kunikasirikia ukiwa peke yako, bila uso wangu mbele yako unaoomba huruma. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, nayo ni ya mwisho. Nimejificha ndani ya barua tangu nikiwa na miaka kumi.

Nilivuka Lualaba jana asubuhi, nikashika njia. Nimelala hapa Pangi kwa Mama Euphrasie, anayewapokea wasafiri. Aboubakar anatangulia sasa hivi. Mwenzake amekwisha kunifungia mfuko kwenye pikipiki, na utakapofika hapa kwenye kusoma, nitakuwa tayari njiani kuja Kama kukuchukua.

Naomie